Alhamisi za Mama Nuruddin

Ukifika Rwamgasa, ule upande unakozama jua, ukauliza nani aliwasha karasha la kwanza pale, hata mtoto atakuambia ni Maduhu Mabula. Aliliunda mwenyewe: pipa la chuma kizito lenye gololi tumboni, injini ya trekta lililokufa, na mkanda alioushona kwa mkono wake. Unatia mawe yenye dhahabu, pipa linazunguka, unatoka unga wa kwenda kuosha. Kabla yake, mawe ya upande ule yalitwangwa kama mtama.

Alikuwa amekuja kutoka Kishapu akiwa na miaka kumi na tisa, akikimbia pamba ya baba yake. Sasa alikuwa na hamsini na miwili, mtu mkimya, mabega mapana, mikono inayojua chuma kuliko inavyojua kusalimia watu. Karasha lake alilizungushia mabati pande zote nne. Mteja alikabidhi mawe mlangoni na kupokea unga mlangoni.

"Chungu kinachofunuliwafunuliwa hakiivi," alimwambia mkewe, Scolastika, kila alipomuuliza kwa nini hata mafundi wenzake hawaruhusiwi kuchungulia.

Ndani ya mabati yale alikuwa na kazi ya siri. Karasha hutoa vumbi jeupe, jepesi, linaloingia puani na halitoki. Wengi pale Rwamgasa walikuwa na vifua vinavyokwaruza kwa sababu yake. Kwa miaka miwili Maduhu alijaribu kulituliza vumbi hilo kwa maji. Alitoboa bomba akatiririsha maji ndani ya pipa; unga ukashikana kama kiporo cha ugali, gololi zikanasa, injini ikazimika. Akapunguza maji, unga ukaganda ukutani mwa pipa. Akafungua, akagonga kwa nyundo siku nzima, akaanza upya. Hakumwambia mtu. Alitaka siku moja afungue mlango, watu waone karasha lisilo na vumbi, wabaki midomo wazi, wamuulize: "Maduhu, umewezaje?"

Ndipo akaja Mwaisha.

Alitoka Buseresere, alikokuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Mumewe, Muhidini, ni dereva wa malori ya masafa marefu, na mtoto wao mkubwa anaitwa Nuruddin, kwa hiyo haikupita wiki watu wote walikuwa wakimwita Mama Nuruddin. Alinunua makarasha mawili kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Maduhu alimtazama kwa mbali siku ya kwanza akishika spana, akaishika kichwa chini miguu juu, akacheka moyoni. Huyu, alijisemea, hatamaliza masika mawili.

Lakini Mama Nuruddin hakuzungushia mabati. Alipiga kibanda cha wazi, akapanga mabenchi, na kila Alhamisi saa tisa alasiri akazima injini zote mbili. Yeyote aliyekuwa na kazi ya dhahabu alikaribishwa: wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, wanawake wa kuponda mawe, mafundi wa injini, wanunuzi wa dhahabu, dereva wa tenki la maji. Kanuni zilikuwa mbili tu. Mwenye shida anasema kwanza, na mwenye mabenchi anasema mwisho.

Kwa Maduhu, ng'ambo ya barabara, Alhamisi ilianza na kimya. Injini zinazima. Halafu sauti za watu. Halafu, baada ya muda, kicheko, na katika kicheko kile aliitambua sauti ya mkewe.

"Mnaongea nini huko?" alimuuliza Scolastika siku moja, kama mtu asiyejali.

"Mambo ya kazi tu, Baba Gregory. Si uje mwenyewe? Mama Nuruddin amenituma nikwambie, hii ya tatu sasa."

"Kama ananihitaji anajua ninapokaa."

Kumbe kilichomkera zaidi ni simu. Watu wa Alhamisi walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na simu ya Scolastika ililia kutwa: mtu wa Buseresere anauliza bei ya gololi, mtu wa Segese ametuma picha ya mkanda uliokatika, mtu mwingine anamjibu. Kila ilipolia, kitu kilimchoma Maduhu chini ya mbavu. Miaka thelathini yuko pale, na simu yake yeye ililia kwa watu wawili: mdogo wake wa Kishapu na muuza dizeli.

Sasa ikawa Alhamisi moja, Mariana akasimama. Mariana ni mponda mawe, mwanamke mwembamba mwenye watoto wanne, na kikohozi chake watu walikuwa wamekizoea kama saa ya ukutani. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Hivi kweli, katika watu wote hawa, hakuna anayejua namna ya kulilaza vumbi?"

Wakaanza. Mmoja akasema maji ndani ya pipa, mwingine akasema tulijaribu Nyarugusu, unga uliganda. Ikatokea kwamba siku ile yupo mzee mgeni, Mwigulu, mkulima wa pamba kutoka Shinyanga, amekuja kumwona binti yake aliyeolewa pale. Hakujua lolote la karasha. Alisikiliza, akakuna ndevu, akasema: "Sisi tukipulizia pamba hatumwagi dawa. Tukimwaga, jani linaungua na dawa inakwisha. Tunafanya ukungu. Ninyi si mnataka ukungu?"

Wote wakaongea kwa pamoja. Fundi Marcel akasema ukungu usiingie kwenye pipa, ukae mdomoni, pale unga unapotokea. Mama mmoja akasema pawe na turubai la kuuzuia upepo. Wakaazima bomba la kupulizia pamba, wakatoa kile kichwa chake kidogo chenye tundu la sindano, wakatafuta vingine vitatu, wakafunga vyote vinne mdomoni mwa karasha, wakafunika kwa turubai. Ilichukua wiki tatu za kujaribu na kubishana. Wiki ya nne karasha la Mama Nuruddin likazunguka na Mariana akasimama kando yake bila kitambaa puani.

Scolastika alipolisimulia jambo hilo nyumbani, alikuwa anasonga ugali na uso wake unang'aa. Maduhu aliacha kula.

Bomba la pamba! Tangu akiwa na miaka minane alilibeba lile bomba mgongoni, mashambani kwa baba yake, mikanda ikimkata mabega, ukungu ukimrudia usoni kila upepo ulipogeuka. Hakuna mtu Rwamgasa nzima aliyelijua lile bomba kama yeye. Miaka miwili amejifungia ndani ya mabati na tatizo, na ufunguo ulikuwa mgongoni mwake mwenyewe. Lakini hakumwambia mtu kuwa anatafuta, na kwa hiyo hakuna mtu aliyempa neno la kumkumbusha.

Hilo analijua sasa. Siku ile hakulijua. Siku ile alijua jambo moja tu, kwamba mwanamke asiyejua kushika spana amepewa swali lake. Watu walikuja kutoka Nyarugusu, kutoka Rwamgasa ya juu, kutoka Segese, wakamzunguka Mama Nuruddin na kumuuliza, "Mmewezaje?" Maofisa walikuja na gari, wakapiga picha. Maduhu alisimama nyuma ya mabati yake, akitazama kupitia tundu la msumari.

Kijicho kina njia zake. Wiki ile akaanza kuwaambia wateja, taratibu, kama mtu anayewaonea huruma: "Ule ukungu unakula dhahabu. Ile laini kabisa inaondoka na maji. Mimi sisemi kitu, lakini pimeni wenyewe." Neno likatembea. Wateja watano wakahama kwa Mama Nuruddin wakarudi kwake, na kwa siku kumi Maduhu alilala usingizi mzuri.

Mama Nuruddin hakumtukana mtu. Alhamisi iliyofuata aliomba mifuko miwili ya mawe kutoka duara moja, ichanganywe mbele ya watu wote na kugawanywa tena. Mmoja ulisagwa kwa ukungu, wa pili bila ukungu, kisha unga ukaoshwa na watu wasiojua upi ni upi. Dhahabu ikatoka sawasawa. Wateja watano wakarudi walikotoka, na wakaongezeka wawili waliokuwa wa Maduhu tangu zamani.

Baada ya hapo chuki yake haikuwa na sababu tena. Ilikuwa inajiendesha yenyewe, kama injini iliyonasa kebo ya mafuta.

Mwishoni mwa kiangazi watu wa Alhamisi wakakubaliana kuchimba lambo. Ukungu ulihitaji maji, na maji ya tenki yalikuwa mbali. Wakachagua mahali: bonde dogo nyuma ya kibanda, ardhi tambarare yenye nyasi fupi, hakuna mwenyewe anayelilima. Wakagawana zamu za kuchimba.

Maduhu aliposikia ni wapi, mikono yake ilisimama juu ya nati aliyokuwa anaikaza.

Pale palikuwa na duara. Mwaka tisini na tisa yeye na mwenzake, Boaz, walishuka pale zaidi ya mita ishirini wakifuata mshipa wa dhahabu uliowadanganya hadi ukapotea. Boaz alirudi kwao Bukombe na kufia huko. Kabla ya kuondoka waliziba mdomo kwa magogo, wakatandika nyasi na udongo juu, wakakanyaga. Magogo ya miaka ishirini na ushee. Sasa hakuna mtu hai anayejua kuwa pana shimo pale isipokuwa yeye.

Jioni Scolastika alimuuliza waziwazi. "Baba Gregory, wewe ni mtu wa zamani hapa. Pale bondeni pako salama?"

"Nimeulizwa na nani?"

"Nakuuliza mimi."

"Wewe unauliza kwa niaba yao." Akanawa mikono. "Wana watu wengi wenye akili. Waulizane."

Na kama vile Mungu alitaka kumpima mara mbili, siku ya tatu Mama Nuruddin akaja mwenyewe. Alisimama nje ya mlango wa mabati, hakuchungulia ndani.

"Mwangaluka, Mzee Maduhu," alisalimu kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimechelewa kuja. Nilituma watu, na hilo ni kosa langu. Mtu mkubwa hatumiwi mtu. Nimeambiwa wewe ulianza kuhangaika na vumbi kabla yetu sote."

Maduhu alishtuka. "Nani kasema?"

"Anayekuuzia bomba. Alisema kuna mzee ananunua mabomba na kuyatoboa, na yeye muuzaji hajui ni ya nini. Mimi nikaelewa." Akatabasamu kidogo, bila dhihaka. "Ungekuwepo, tungemaliza ndani ya wiki moja. Njoo Alhamisi. Na jambo jingine: tunachimba lambo kule bondeni. Una neno lolote?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwepo, yamepanga foleni. Lakini alimtazama yule mama alivyosimama kwa utulivu, mtandio wake safi, simu ikilia mkononi mwake bila yeye kuitazama, mtu ambaye kila barabara ya mkoa ule imefika mlangoni kwake.

"Ardhi ni ardhi," Maduhu alisema. "Chimbeni."

Wakachimba. Walishindilia udongo wa mfinyanzi, vuli ikaanza mapema, na lambo likajaa mpaka karibu na ukingo. Wanawake wa kuponda mawe wakahamishia kazi yao pale, kwa sababu palikuwa na hewa baridi. Walikaa ukingoni wakiponda na kuongea, Mariana, Scolastika aliyejiunga nao, na wengine saba, na Maduhu kutoka ng'ambo alihesabu hatua kwa macho: kutoka mti wa mkola hadi mdomo wa duara, hatua kumi na nne. Mkewe alikuwa amekaa kwenye hatua ya kumi na mbili.

Alimkataza kwenda. Scolastika akauliza kwa nini. Badala ya kujibu aligomba, na Scolastika akaenda.

Alhamisi moja asubuhi Maduhu alivuka barabara kabla watu hawajafika. Alisimama ukingoni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, maji yalipaswa kuwa yamepanda. Yalikuwa yameshuka kiasi cha shubiri moja, na mstari wa unyevu ulibaki ukutani ukionyesha yalipokuwa. Karibu na hatua ya kumi na nne, udongo ulikuwa umebonyea kama shavu la mgonjwa. Aliweka kiganja pale. Chini, mbali sana, alihisi kitu kikidondoka ndani ya uwazi.

Angeweza kumwambia mkewe peke yake. Angeweza kumpigia mtu simu bila kutaja jina. Alikaa juu ya jiwe akayapima yote hayo, na kila moja lilikuwa na mlango wa nyuma wa kumtorosha yeye. Hatimaye wanawake wakaanza kufika na karai na nyundo, na Mariana akawatangulia kuelekea ukingoni kukaa.

"Usikae hapo!" Maduhu alipiga kelele. "Ondokeni! Wote, rudini mpaka kibandani!"

Wakarudi, wakimshangaa. Mama Nuruddin akazima injini ingawa haikuwa saa tisa, na watu wakajaa kuliko Alhamisi yoyote. Maduhu alikuwa hajawahi kusimama chini ya kibanda kile. Alisimama, akashika nguzo.

"Mmechimba juu ya duara langu," alisema. "Mita ishirini na zaidi. Tuliliziba kwa magogo, mimi na marehemu Boaz. Magogo yameoza. Maji yanashuka."

Marcel akauliza, "Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Scolastika akaweka mkono mdomoni.

"Siku ile nilipokuja kwako," Mama Nuruddin alisema polepole, "ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Maduhu angeweza kusema alisahau, angeweza kusema hakuwa na uhakika. "Wivu," alisema. Neno lilitoka dogo sana. "Wivu tu, mama. Niliona unachukua kila kitu changu. Hata mke wangu alikuwa anacheka huku."

Mariana alisimama, akamfuata mpaka mbele ya uso. "Mimi nimekaa pale siku kumi na nne. Mwanangu mdogo nilimlaza pale kwenye kanga. Na wewe unatutazama." Hakungoja jibu. Aliokota karai lake akaenda zake.

Walitoboa ukingo siku ile ile, maji yakaondoka kuelekea korongoni. Maduhu alichimba mfereji pamoja nao, na hakuna aliyemsemesha. Siku ya nne, wakati bonde ni tupu, katikati ya mchana, ardhi ilititia yenyewe. Haikupiga kishindo kikubwa. Ilizama tu, na shimo likabaki pale, jeusi, pana kuweza kumeza lori.

Kazi ya wiki sita ilikuwa imepotea, na Alhamisi iliyofuata ilikuwa chungu. Wengine walitaka Maduhu asikanyage pale kamwe. Wengine walisema apelekwe serikalini. Mama Nuruddin, kama ilivyo kanuni, alisema mwisho.

"Amekosa, na simtetei. Lakini na sisi tumekosa. Tulichimba kwa sababu hakuna aliyekataa, tukadhani kunyamaza ni kukubali. Sikwenda kwa wazee wengine. Nilimuuliza mmoja, akanijibu neno moja, nikaridhika kwa kuwa nilikuwa na haraka." Akapumua. "Kuanzia leo, kabla jembe halijagusa ardhi, wote waliochimba hapa zamani waitwe, kila mmoja aonyeshe mashimo yake kwa mguu wake, mbele ya watu. Na Mzee Maduhu aanze."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa wiki mbili alitembea na kopo la chokaa akionyesha maduara yake ya ujana, kumi na moja. Mzee Sostenes akatokea kutoka Katoro na yake saba. Deusdedit, ambaye ni kipofu sasa, alishikwa mkono akahesabu hatua kutoka kwenye kichuguu, na hakukosea hata mara moja. Yote yakachorwa kwenye bati kubwa kwa rangi nyekundu, likatundikwa kibandani. Picha yake ilitembea kwenye simu, na mwezi haujaisha watu wa Segese wakawa wamechora lao.

Mwandishi wa redio alikuja kuhusu bati lile. Alimhoji Mama Nuruddin kwa nusu saa na Maduhu kwa dakika mbili, na katika kipindi zile dakika mbili hazikusikika. Maduhu alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akakaa. Scolastika alimtazama usoni.

"Imekuuma?"

"Imeniuma."

"Afadhali sasa unasema," mkewe alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Siku hizi Maduhu ana benchi lake Alhamisi, la nyuma, karibu na nguzo. Ameng'oa bati moja la uzio wake, lile la upande wa barabara, na karasha lake lina vichwa vinne vya ukungu. Aliviongezea chujio la kitambaa ili visizibe kwa mchanga, na chujio hilo wamelichukua wote. Watu huliita la Maduhu. Akisikia jina hilo hujifanya anakaza nati. Bado kuna siku anaona magari ya wageni yakipita mlangoni kwake bila kupunguza mwendo, na moyo unajikunja kama zamani. Mariana alikaa miezi mitano bila kumsalimu. Katikati ya masika, wakikutana kisimani, alisema "Shikamoo" bila kusimama, ndoo kichwani, na Maduhu alipojibu marahaba, Mariana alikuwa amekwisha kupita.